JPEG haina kitufe cha KB 200

Ilikuwa saa tano usiku, stesheneri imebaki na taa moja na kompyuta moja inayofanya kazi. Dada mmoja alikuwa amekaa kwenye stuli, simu mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Dirisha la maombi ya kazi lilikuwa linafungwa saa sita. Vyeti vimepanda, barua imepanda, picha imegoma. Mfumo ulikuwa unaandika kwa wino mwekundu kwamba picha isizidi KB 200 (kilobaiti, kipimo cha uzito wa faili), na ya kwake ilikuwa na MB 4.2, yaani zaidi ya KB 4,000.

"Kaka, si uipunguze tu?"

Kijana wa stesheneri alijua njia tatu, na zote alizipitia. Alimwambia ajitumie picha kwenye WhatsApp, maana ikipita huko hupungua uzito. Ikarudi na KB 310. Akaifungua akaipiga skrinishoti, ikawa nzito kuliko mwanzo. Mwisho akarudi kwenye picha ya asili, akaingia kwenye tovuti ya kupunguza picha, akavuta kitelezi cha ubora kutoka 80 hadi 30, hadi 10, hadi 4. Hapo ndipo faili likaingia ndani ya KB 200, lakini uso wa dada ulikuwa umegeuka vigae, mraba juu ya mraba, kama sakafu ya bafuni.

Mimi nilikuwa nyuma yao nikisubiri kutoa kopi. Kazi yangu ni kuandika programu, na fomu za namna hiyo nimeziandika kadhaa, kwa hiyo nilijua tatizo liko wapi. Swali la yule dada lilikuwa la haki kabisa. Mashine inayokutafutia njia kutoka Tunduma hadi Mtwara kwa sekunde moja, inashindwaje kuambiwa "nataka KB 200" ikatii?

Inashindwa kwa sababu JPEG, muundo ambao picha nyingi huhifadhiwa humo, haijui KB. Ina kitufe kimoja tu kinachoitwa ubora, na uzito wa faili ni matokeo yanayoonekana baada ya kazi kwisha. Ni kama kupanga begi la ndege la kilo 23. Hakuna anayeweza kuliamuru begi liwe na kilo 23. Unapanga, unaliweka kwenye mizani, limezidi, unatoa vitenge viwili, unapima tena. Programu ya kubana picha hufanya hivyo hivyo. Tofauti kati ya programu nzuri na mbaya ni kujua kitu gani kitoke kwanza begini.

Kinachotokea ndani

Tuanze na mzigo wenyewe. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 3000 kwa 4000, na pikseli ni kinukta kimoja cha rangi. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kila namba hukaa kwenye baiti moja (KB moja ni baiti 1000 hivi). Jumla ni baiti milioni 36. Kwa hiyo ile MB 4.2 iliyokuwa kwenye simu ya dada ilikuwa tayari imebanwa zaidi ya mara nane, na simu yenyewe, sekunde ile ile alipopiga picha.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mwanga na rangi. Jicho la binadamu ni kali sana kwenye mwanga na kivuli, lakini kwenye rangi ni zito. Basi JPEG huhifadhi mwanga wa kila pikseli, na kwa kawaida namba mbili zilizobaki, za rangi, huhifadhiwa mara moja tu kwa kila pikseli nne. Hapo nusu ya mzigo imeshaondoka na hakuna aliyegundua.

Hatua ya pili ndiyo yenye akili nyingi. Picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba una namba 64. Badala ya kuziandika moja moja, JPEG huuliza mraba huu una mchoro wa namna gani. Fikiria unamweleza mtu kwa simu mkeka uliosukwa. Hutamsomea ukindu mmoja mmoja. Utamwambia ni mweupe, una mistari myekundu ya mshazari, na pembeni kuna nakshi ndogo ndogo. Maelezo hayo mafupi yanatosha akauona mkeka kichwani. Hesabu inayofanya kazi hiyo inaitwa mgeuzo wa kosaini. Inachukua namba 64 za mraba na kurudisha namba nyingine 64: ya kwanza inasema wastani wa mwanga, zinazofuata zinasema mteremko mkubwa wa mwanga na giza, na za mwisho zinasema vijichoro vidogo kabisa.

Aliyeibuni ni Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa taasisi ya taifa ya sayansi ya nchi hiyo, wakamkatalia. Wakaguzi waliona wazo ni jepesi mno. Aliendelea nalo hivyo hivyo, na Januari 1974 akalichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Kiwango cha JPEG, yaani kanuni rasmi za muundo huo, kilipokamilika mwaka 1992, mgeuzo huo ndio uliokuwa moyo wake. Kila picha ya JPEG unayoifungua leo kwenye simu imepita kwenye hesabu ile iliyonyimwa fedha, na mimi huwa namkumbuka huyo mzee kila ninapoona maombi ya mtu yamerudishwa.

Hadi hapo mgeuzo haujatupa kitu. Umepanga upya tu. Kutupa kunakuja hatua ya tatu. JPEG ina jedwali la vigawanyo 64, kimoja kwa kila namba. Kila namba hugawanywa kwa kigawanyo chake, kisha jibu hufanywa namba kamili. Katika jedwali la mfano lililochapishwa pamoja na kiwango, kigawanyo cha kwanza cha mstari wa juu ni 16, na cha mwisho kwenye mstari huo ni 61. Chukua namba 20 iliyo kwenye nafasi yenye kigawanyo cha 61. Ishirini gawa kwa 61 ni karibu theluthi, na theluthi ikifanywa namba kamili ni sifuri. Kijichoro hicho kimekufa na hakirudi. Sifuri zikishakuwa nyingi, hatua ya nne ni rahisi, kwa sababu mlolongo wa sifuri huandikwa kwa mkato, na namba zinazojirudia hupewa alama fupi. Njia ya alama fupi ni ya David Huffman, aliyeibuni akiwa mwanafunzi na kuichapisha mwaka 1952. Kiswahili chenyewe kinaifuata bila kuambiwa: maneno tunayoyatumia kila sentensi ni "na", "ya", "wa", na yale marefu tunayatamka kwa nadra.

Namba ya ubora ni namba gani

Watu wengi huchukulia ubora 80 kama asilimia 80 ya picha. Sivyo. Namba ya ubora hukuza au kupunguza vigawanyo, basi. Maktaba ya libjpeg (maktaba hapa ni msimbo uliotayarishwa ili programu nyingine ziutumie), iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na kundi la Independent JPEG Group, na ambayo programu nyingi zimejengwa juu yake au kuiga hesabu zake, hutumia kanuni hii: ubora ukiwa chini ya 50, gawa 5000 kwa ubora, ukiwa 50 au zaidi, toa mara mbili ya ubora kutoka 200. Unachopata ni asilimia ya kuzidishia jedwali. Ubora 50 ni jedwali lenyewe, 75 ni nusu yake, 90 ni moja ya tano. Kwenye ubora 90 kile kigawanyo cha 61 kinakuwa 12, na ile namba 20 inapona. Kwenye ubora 10 vigawanyo huzidishwa mara tano. 16 inakuwa 80, na 61 ingekuwa 305 kama isingezuiwa kwenye ukomo wa 255.

Sasa utaona kwa nini ubora uleule hutoa uzito tofauti kwa kila picha. Vigawanyo ni vilevile, lakini kinachogawanywa hutegemea kilichopigwa. Ukuta mweupe nyuma ya uso wa mtu ni miraba mitupu, sifuri tupu. Umati wa Kariakoo saa nne asubuhi, nguo, mabango, vichwa, ni michoro mitupu, na sifuri ni chache. Picha mbili za vipimo vilevile na ubora uleule zinaweza kupishana uzito mara kadhaa.

Kuna adui mwingine ambaye watu hawamjui: chembechembe za giza. Simu ikipiga picha kwenye mwanga hafifu, huongeza usikivu wa kihisi, na picha hujaa vumbi la rangi ambalo halikuwepo chumbani. Jicho linalipuuza, JPEG hailipuuzi. Kwake vumbi ni mchoro mpya katika kila mraba, nayo hutumia baiti nyingi kulihifadhi kwa uaminifu. Picha ya paspoti iliyopigwa kibarazani saa tatu asubuhi itabanika vizuri kuliko ileile iliyopigwa ndani chini ya taa ya njano, na hakuna msimbo wa kulipia tofauti hiyo yote baadaye.

Gawanya bajeti kwanza

Kosa la kijana wa stesheneri lilikuwa kushika kitufe cha ubora peke yake. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini asingeweza kufaulu. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo baiti 200,000 ni biti 1,600,000. Zigawe kwa pikseli milioni 12, kila pikseli inapata biti 0.13. Gregory Wallace, aliyeeleza kiwango cha JPEG katika makala ya mwaka 1991, alitoa vipimo ambavyo mimi bado navitumia kama rula. Kwa picha ya rangi yenye mambo ya wastani, biti 0.25 hadi 0.5 kwa pikseli hutoa picha ya kuridhisha hadi nzuri, 0.5 hadi 0.75, nzuri hadi nzuri sana, 0.75 hadi 1.5, bora, na 1.5 hadi 2, kwa kawaida huwezi kuitofautisha na ya asili. Biti 0.13 iko chini ya ngazi ya chini kabisa. Pikseli milioni 12 zilikuwa zinagombania sahani moja ya chakula, zote zikatoka na njaa.

Kwa hiyo geuza swali. Usiulize ubora upunguzwe hadi wapi. Uliza bajeti hii inaweza kulisha pikseli ngapi zikashiba. Kwa biti 1.5 kwa kila pikseli, biti 1,600,000 zinalisha pikseli kama 1,066,000, yaani picha ya 894 kwa 1193. Je, hiyo inatosha kwa picha ya fomu? Picha ya paspoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Inatosha na kubaki. Hata fomu inayodai KB 50, ambayo watu huilaani, inaipa picha ya 413 kwa 531 biti 1.8 kwa pikseli.

Ubora unabaki kuwa kitufe cha kumalizia, cha kujaza zile kilobaiti chache zilizobaki. Na kwa kuwa hatujui ubora upi utatoa uzito upi, tunapima. Hakuna haja ya kupima kila namba kuanzia 40 hadi 95. Jaribu katikati, likizidi kikomo, tupa nusu yote ya juu, likitosha, tupa nusu ya chini na ujaribu kupanda. Namba 56 huisha kwa majaribio yasiyozidi sita. Hii ndiyo namna kila mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi nene, hafungui ukurasa wa kwanza.

Msimbo wa Python kwa maktaba ya Pillow ni huu:

```python
import io, math
from PIL import Image, ImageOps

def andika(picha, ubora):
    chombo = io.BytesIO()
    picha.save(chombo, "JPEG", quality=ubora, optimize=True)
    return chombo.getvalue()

def bana(njia, kikomo, biti=1.5):
    asili = ImageOps.exif_transpose(Image.open(njia)).convert("RGB")
    upana, urefu = asili.size
    k = min(1, math.sqrt(kikomo * 8 / biti / (upana * urefu)))
    while True:
        if min(upana, urefu) * k < 100:
            raise ValueError("Kikomo ni kidogo mno kwa picha hii")
        vipimo = (round(upana * k), round(urefu * k))
        picha = asili.resize(vipimo, Image.LANCZOS)
        chini, juu, bora = 40, 95, None
        while chini <= juu:
            kati = (chini + juu) // 2
            data = andika(picha, kati)
            if len(data) <= kikomo:
                bora, chini = data, kati + 1
            else:
                juu = kati - 1
        if bora:
            return bora
        k = k * 0.9
```

Unaita `bana("picha.jpg", 200_000)` na kuandika baiti zinazorudi kwenye faili jipya.

Mistari michache hapo inastahili maelezo. Kile kipeuo cha pili (`sqrt`) kwenye `k` kipo kwa sababu bajeti inahesabu eneo, nasi tunapunguza upana na urefu kila kimoja peke yake. Ukitaka eneo liwe robo, kila upande unakuwa nusu. `LANCZOS` ni njia ya kupunguza vipimo inayochanganya pikseli jirani kwa uangalifu; ukitumia njia ya haraka inayoruka pikseli, nywele na mistari ya shati hutoka na meno. `optimize=True` inaiambia maktaba ipitie namba mara ya pili na kutengeneza alama fupi zinazoifaa picha hiyo hasa, badala ya zile za jumla. Haipunguzi ubora hata kidogo, inaongeza muda kidogo tu, sioni sababu ya kuiacha.

Nimeishia 40 kwa chini kwa makusudi. Chini ya hapo vigae huanza kuonekana kwenye ngozi ya mtu, na heri kupunguza vipimo kwa asilimia 10 na kuanza upya. Kwa juu nimeishia 95 kwa sababu maelezo ya Pillow yenyewe yanashauri usipite hapo. Faili linavimba sana na jicho halipati kitu.

Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba kila jaribio linaanza na `asili`. Nimeona programu zinazobana, zikiona limezidi zinachukua lililobanwa na kulibana tena, na tena. Kila mzunguko unagawa na kukadiria juu ya makadirio ya mzunguko uliopita. Ni kama kutoa kopi ya kopi ya kopi. Maandishi yanazidi kuvimba hadi hayasomeki. Ndivyo ilivyoanza kutokea pale stesheneri pia: WhatsApp, kisha skrinishoti, moja ikila juu ya mabaki ya mwenzake.

Na utaona nimehifadhi `bora` kama baiti zenyewe, sikuhifadhi namba ya ubora. Uzito huongezeka kadiri ubora unavyopanda, lakini si kwa ngazi zilizonyooka kabisa. Makadirio yanaweza kufanya ubora wa juu kidogo utoe faili dogo kidogo. Ukihifadhi faili lililokwisha kupimwa, hakuna cha kukushangaza.

Usiku ule nilifungua laptopu yangu juu ya mashine ya kopi, tukachukua picha ya asili kutoka kwenye simu kwa waya. Programu ilituama kwenye 894 kwa 1193, faili la KB 197. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano na dakika arobaini.

Kama hutaki kuandika msimbo, programu za kuendeshwa kwa amri zipo tayari. ImageMagick ina `-define jpeg:extent=200kb`, jpegoptim ina `--size`, na cwebp, kifaa cha muundo wa WebP ambao Google waliutangaza mwaka 2010, ina `-size`. Zinaonekana kama zina kile kitufe tulichokikosa, lakini ukichungulia ndani utakuta mizani ileile: jaribu, pima, jaribu tena. Na ImageMagick au jpegoptim hazitakupunguzia vipimo kwa hiari yao. Ukiwapa pikseli milioni 12 na KB 200, watakurudishia vigae.

Mahali watu wanapojikwaa

KB yenyewe ina maana mbili. Wengine huhesabu baiti 1000, wengine 1024. Windows huonyesha kwa 1024, Mac kwa 1000. KB 200 inaweza kuwa baiti 200,000 au 204,800, na hujui mwandishi wa fomu alichagua ipi. Chagua ndogo. Hutapoteza chochote kinachoonekana.

Picha hulala ubavu. Simu nyingi haziigeuzi picha. Huihifadhi kama kihisi kilivyoiona na kuandika pembeni, kwenye taarifa za EXIF, kwamba isomwe ikiwa imezungushwa. Ukiibana bila kusoma taarifa hiyo, inafutika, na mwombaji anafika kwa mwajiri akiwa amelala. Ndiyo kazi ya `exif_transpose`. Kufutika kwa EXIF kuna heri yake pia, kwa kuwa humo mara nyingi hukaa mahali picha ilipopigiwa, kwa latitudo na longitudo. Mwajiri hahitaji kujua nyumba yako iko wapi.

Kubadilisha jina si kubadilisha muundo. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone zimekuwa zikihifadhi picha kwa muundo wa HEIC, na watu hubadilisha mwisho wa jina uwe `.jpg` wakitumaini mfumo utakubali. Ndani faili ni lilelile. Pillow peke yake haiifungui HEIC. Inahitaji nyongeza ya pillow-heif.

PNG, muundo mwingine wa picha, haisikii ubora. Yenyewe haitupi kitu, hufunga tu kilichopo, kwa hiyo ukiweka PNG kwenye kitanzi cha kutafuta ubora, majaribio yote sita yatatoa uzito uleule. Ukiigeuza kuwa JPEG na ilikuwa na mandhari ya uwazi, `convert("RGB")` inaweza kukupa mandhari nyeusi ti. Tandika karatasi jeupe kwanza, ubandike picha juu yake, ndipo ubane.

Lakini kwa saini na vyeti vilivyoskaniwa mimi naona PNG ndiyo yenye haki. Herufi nyeusi kwenye karatasi jeupe ni kingo kali, na kingo kali ndizo zinazouawa na vigawanyo. JPEG huziachia vumbi la kijivu pembeni, kama mbu wamezunguka kila neno. Saini ina rangi mbili au nne. Ipunguze kwa `quantize(4)`, ihifadhi kama PNG, na mara nyingi itakuwa na KB chache tu huku wino ukiwa safi.

Kuna fomu ambayo ukiipiga hesabu hukuacha ukijiuliza watu wanahangaika nini. Bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile tunayoiita grini kadi, imekuwa ikidai picha ya mraba, ndogo kabisa ikiwa pikseli 600 kwa 600, isiyozidi KB 240. Kwa vipimo hivyo kila pikseli inapata biti 5.3. Ni zaidi ya mara mbili ya kile kinachohitajika ili jicho lisione tofauti. Anayetuma picha ya ukungu kwenye fomu hiyo hakubanwa na kikomo. Picha yake ilishaharibika njiani, kwenye skrinishoti au kwenye kutumiwa mara tatu.

Kazi hii ni ya nani

Nimeeleza haya kwa mtu wa stesheneri na kwa mwombaji, lakini ninaowalaumu ni sisi tunaoandika fomu. Mwombaji hana sababu ya kujua kilobaiti. Kivinjari kilicho kwenye simu yake kinaweza kufanya kila nilichoeleza, kabla baiti hata moja haijaondoka kwenye simu. Unachora picha kwenye turubai ya ukurasa kwa vipimo vilivyotoka kwenye bajeti, kisha unaita:

```javascript
const andika = (turubai, ubora) =>
  new Promise(tayari =>
    turubai.toBlob(tayari, "image/jpeg", ubora));
```

Ubora hapa ni kati ya 0 na 1, na kitanzi cha kukata nusu ni kilekile. Pima kwa `blob.size`. Usipime urefu wa maandishi yanayotoka kwenye `toDataURL`, kwa sababu hayo ni base64, ambayo huandika baiti tatu kwa herufi nne. Faili la KB 160 litaonekana lina zaidi ya KB 213 na utalikataa bure. Seva iendelee kukagua uzito kwa upande wake, maana ukaguzi wa kivinjari unaweza kurukwa.

Faida ya kwanza ni bando. Mtu wa Ngara au Lodwar anayejaza fomu kwa simu anapandisha KB 197 badala ya MB 4.2, mara ishirini pungufu, na kwenye mtandao wa kusuasua huo ndio umbali kati ya kufanikiwa na "jaribu tena". Ya pili ni kwamba ule wino mwekundu unaondoka. Mahali pake andika: picha yako ilikuwa MB 4.2, tumeipunguza hadi KB 197, iangalie. Kisha ionyeshe hapo hapo kwa ukubwa kamili, mtu aione sura yake ilivyotoka kabla hajabonyeza tuma.